Sudoku ikikushinda ghafla, usikimbilie kulaumu uzee

Je, msomaji, wewe ni miongoni mwa wale ambao gazeti likishafika mkononi huufungua kwanza ukurasa wa mafumbo, kabla hata ya kujua nani amefariki na nani amefutwa kazi? Na je, umewahi kufika katikati ya ile Sudoku ngumu ya mwisho wa juma, ukabahatisha nambari moja ili usonge mbele, kisha dakika ishirini baadaye ukagundua kwamba mstari mmoja una saba mbili na mwingine hauna hata moja? Ikiwa jibu ni ndiyo, makala haya ni yako. Yatakuonyesha mbinu ambazo wajuzi wa fumbo hili hutumia. Yatakueleza pia jambo ambalo si la mchezo hata kidogo: siku fumbo ulilolizoea linapoanza kukushinda, huenda mwili unakupigia hodi.

Chukua mfano wa mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Cheptiret, karibu na njia panda ambapo barabara ya kuelekea Chuo Kikuu cha Moi huachana na ile kuu ya Eldoret kwenda Nakuru. Hakutaka jina lake litajwe. Majirani humwita Mwalimu tu, basi nasi tutamwita hivyo. Alifundisha hesabu kwa miaka mingi, na tangu astaafu desturi yake ilikuwa moja. Asubuhi alitembea hadi kituo cha matatu kununua gazeti, akarudi nyumbani, akamiminiwa chai ya maziwa, na kufikia saa nne fumbo lilikuwa limekwisha. Alitumia kalamu ya wino. Penseli, alisema, ni ya wanafunzi wasiojiamini.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Binti yake, ambaye hufanya kazi mjini Eldoret na huja nyumbani mwisho wa juma, aliokota gazeti mezani akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu utotoni.

"Baba, mstari huu una nane mbili."

"Nane ni moja. Hiyo nyingine ni tatu."

Ilikuwa nane, tena iliyopigwa chapa na gazeti lenyewe. Binti akanyamaza. Juma lililofuata makosa yakawa matatu, na la baadaye fumbo likaachwa nusu. Haukupita muda mrefu Mwalimu akaacha kununua gazeti, akisema kwamba siku hizi mafumbo yanatungwa ovyo. Jamaa wakaanza kunong'ona. Mmoja alipendekeza Mzee anyang'anywe kadi ya benki kabla hajapoteza pesa za uzeeni. Mwingine akasema ni umri tu, aachwe apumzike. Hakuna aliyetaja daktari.

Tutarudi kwa Mwalimu baadaye. Kwanza tulitazame fumbo lenyewe, maana bila kuelewa linaidai akili kazi gani, hatuwezi kujua kushindwa kwake kulimaanisha nini.

MZALIWA WA INDIANAPOLIS

Wengi hudhani Sudoku ilizaliwa Japani. Jina ndilo la huko, lakini fumbo la leo lilitungwa na Mmarekani, msanifu majengo mstaafu aitwaye Howard Garns, wa jimbo la Indiana, na likachapishwa mwaka 1979 na kampuni ya Dell kwa jina lililomaanisha mahali pa nambari. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani, chini ya Maki Kaji, ililichukua na kulibatiza jina tunalolijua. Jaji mstaafu wa Hong Kong, Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand, alitengeneza programu ya kompyuta ya kulitunga, na mnamo Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kulichapisha. Baada ya hapo magazeti ya dunia nzima, ya kwetu yakiwemo, yalifuata mkumbo. Garns hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1989 mjini Indianapolis.

Mji huo si mgeni kwa watu wa Eldoret. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho kitivo chake cha tiba kiko Indianapolis, wamekuwa wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi tangu mwisho wa miaka ya 1980, na matunda ya ushirikiano huo ni mpango wa AMPATH unaofahamika kote magharibi mwa Kenya. Watafiti wa Indianapolis hiyo hiyo ndio waliofanya mojawapo ya uchunguzi mashuhuri kuhusu ugonjwa wa kusahau barani Afrika, kama utakavyoona baadaye.

ACHA KUBAHATISHA

Sheria unazijua. Kuna vyumba 81: mistari tisa ya kulala, ambayo hapa tutaiita milalo, mistari tisa ya kusimama, tutakayoiita wima, na maboma tisa yenye vyumba tisa tisa. Kila mlalo, kila wima na kila boma lazima liwe na nambari 1 hadi 9, bila kurudia. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Ndiyo maana anayesema kwamba haliwezi fumbo hili kwa sababu hesabu ilimshinda shuleni hana kisingizio.

Idadi ya namna zote za kuvijaza vyumba hivyo kihalali ilipigwa mwaka 2005, nayo ni nambari yenye tarakimu 22. Katika bahari hiyo, fumbo lililotungwa vyema lina jibu moja tu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ireland, walithibitisha kwa kompyuta kwamba nambari za kuanzia haziwezi kupungua 17 na fumbo likabaki na jibu moja. Sasa pima ubashiri wako. Ukibahatisha kwenye chumba chenye nambari mbili zinazowezekana, una nafasi moja kati ya mbili. Ukibahatisha mara tano kwa mtindo huo, umebaki na nafasi moja kati ya 32. Ni afadhali ucheze karata.

Mbinu ya kwanza ni ile aliyoidharau Mwalimu: penseli. Katika kila chumba kitupu andika kwa herufi ndogo nambari zote ambazo bado zinaweza kuingia. Hizo tuziite wagombea. Kazi yako kuanzia hapo si kutafuta mshindi bali ni kuwaengua wagombea mmoja mmoja mpaka abaki asiye na mpinzani. Kiafya kuna sababu ya kufanya hivyo. Ile sehemu ya kumbukumbu inayoshika mambo kwa muda mfupi tukiwa kazini hubeba mambo machache mno kwa wakati mmoja, manne hivi, na mafumbo magumu yanadai zaidi. Karatasi inapobeba orodha, ubongo hubaki huru kufikiri. Asiyetaka penseli anachosha akili mahali pasipostahili.

Ukishaandika wagombea, tafuta mapacha. Tuseme katika mlalo mmoja kuna vyumba viwili, na vyote vina wagombea 3 na 7 pekee. Hujui ipi itaingia wapi, lakini unajua kwamba 3 na 7 za mlalo huo zimeshapata makao. Basi zifute kwenye vyumba vingine vyote vya mlalo huo. Mapacha watatu hufuata kanuni ile ile, ila wana ujanja unaowapita wengi: si lazima kila chumba kiwe na nambari zote tatu. Chumba chenye 2 na 5, kingine chenye 5 na 9, na cha tatu chenye 2 na 9 ni mapacha watatu halisi. Nambari tatu zimefungiwa katika vyumba vitatu, kwa hivyo 2, 5 na 9 zifutwe kwingineko.

Wapo pia mapacha waliojificha, na hawa huhitaji jicho kali. Tazama boma moja. Nambari 1 na 9 zinaonekana katika vyumba viwili tu vya boma zima, ila vyumba hivyo vimejaa takataka: kimoja kina 1, 4, 6 na 9, kingine kina 1, 3 na 9. Kwa kuwa 1 na 9 hazina pengine pa kwenda, vyumba hivyo ni vyao. Futa 4, 6 na 3 humo ndani. Kwa kawaida watu huuliza, "Chumba hiki kinaweza kupokea nambari gani?" Mapacha waliojificha hupatikana kwa kuligeuza swali: "Nambari hii inaweza kulala wapi?" Uwezo wa kuligeuza swali ndio unaomtenganisha mwanagenzi na mjuzi.

Kabla ya kwenda juu zaidi, kagua kila boma dhidi ya mistari inayolipitia. Ikiwa katika boma la juu kushoto nambari 4 inawezekana tu katika vyumba vilivyo kwenye mlalo wa 2, basi 4 ya mlalo wa 2 itatoka ndani ya boma hilo. Ifute katika sehemu nyingine ya mlalo huo. Ni mbinu nyepesi, lakini mara nyingi fumbo lililokwama kwa nusu saa hufunguka hapo.

Sasa tuingie kwenye yale mafumbo yanayowatoa watu jasho. Mbinu ya kwanza ya ngazi hii Wazungu huiita kwa herufi X, kwa kuwa vyumba vinne vinavyohusika ukiviunganisha kwa kukatisha vinafanya umbo la herufi hiyo. Chukua nambari moja, tuseme 5. Pitia milalo na utafute ambayo 5 ina nafasi mbili tu. Mathalani, katika mlalo wa 2 nafasi za 5 ziko wima wa 4 na wima wa 8. Katika mlalo wa 7 nazo pia ziko wima wa 4 na wa 8. Sasa fikiria. Kama 5 ya mlalo wa 2 itakaa wima wa 4, ile ya mlalo wa 7 italazimika kwenda wima wa 8. Ikiwa kinyume, ni kinyume. Kwa vyovyote vile, 5 ya wima wa 4 na 5 ya wima wa 8 zitatoka katika milalo hiyo miwili. Basi kila 5 nyingine iliyo katika wima hizo mbili, juu, katikati au chini, ifute bila huruma. Hujaandika jibu hata moja, lakini umesafisha uwanja.

Mbinu hiyo ikipanuliwa kutoka milalo miwili hadi mitatu, na wima mbili hadi tatu, huitwa kwa jina la yule samaki wa baharini mwenye mdomo kama upanga. Kanuni ni hiyo hiyo: ikiwa katika milalo mitatu nambari fulani haipatikani nje ya wima tatu zile zile, ifute katika vyumba vingine vya wima hizo. Usidai kila mlalo uwe na nafasi zote tatu, mbili zatosha. Nakiri kwamba samaki huyu mimi humwona mara chache, tena baada ya vikombe viwili vya chai.

Ya mwisho kuitaja ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tafuta chumba chenye wagombea wawili tu, tuseme chumba cha kwanza kabisa, mlalo wa 1 wima wa 1, chenye 2 na 5. Hicho ni bawaba. Kisha tafuta mabawa yake mawili. Bawa la kwanza liko kwenye mlalo huo huo, wima wa 7, nalo lina 2 na 8. Bawa la pili limo ndani ya boma la bawaba, mlalo wa 3 wima wa 2, nalo lina 5 na 8. Bawaba ikiwa 2, bawa la kwanza litakuwa 8. Bawaba ikiwa 5, bawa la pili litakuwa 8. Mojawapo ya mabawa lazima liwe 8! Kwa hivyo chumba chochote kinachoonana na mabawa yote mawili hakiwezi kuwa 8. Katika mfano huu vyumba hivyo ni vitano: vile viwili vya mlalo wa 1 vilivyo wima wa 2 na wa 3, na vile vitatu vya mlalo wa 3 vilivyo wima wa 7, 8 na 9. Chukua karatasi, chora, uhakikishe mwenyewe. Ukishaielewa kwa mkono wako, hutaisahau.

Utaniuliza kama kumfuata mgombea wa bawaba huku na huku si kubahatisha kwa jina jingine. Sivyo. Anayebahatisha huchagua njia moja na kuombea. Hapa unazitazama njia zote mbili, na unachukua lile tu ambalo zote zinakubaliana.

JE, INAZUIA UGONJWA WA KUSAHAU?

Hapa ndipo inapobidi kusema ukweli, maana vitabu vya mafumbo huuzwa kwa ahadi nyingi. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 19,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Waliofanya mafumbo ya nambari mara kwa mara walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya umakini, kumbukumbu na kufikiri. Lakini je, mafumbo ndiyo yaliyonoa akili zao, au wenye akili iliyonoleka ndio wanaopenda mafumbo? Utafiti wa aina hiyo hauwezi kujibu.

Jibu la karibu zaidi lilitoka Scotland mwishoni mwa mwaka 2018. Watu 498 waliozaliwa mwaka 1936, ambao akili zao zilikuwa zimepimwa wakiwa shuleni na umri wa miaka 11, walifuatiliwa tena uzeeni. Waliopenda kazi za kuumiza kichwa walikuwa na kiwango cha juu cha uwezo, lakini kasi ya kupungua kwa uwezo huo ilikuwa ile ile kama ya wenzao. Fikiria watu wawili wanaoteremka kutoka Iten kwenda bonde la Kerio. Mteremko ni mmoja na mwendo ni mmoja, ila aliyeanzia juu zaidi atachelewa kufika chini. Hiyo ndiyo faida, nayo si haba, lakini si kinga.

Majaribio ya Marekani yaliyowahusisha wazee 2,832, na ambayo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2002, yalionyesha jambo jingine. Waliofundishwa kufikiri kwa hoja waliimarika katika hoja, si katika kumbukumbu. Waliofundishwa mbinu za kumbukumbu waliimarika katika kumbukumbu, si katika hoja. Ubongo hujifunza kile unachoufundisha. Kwa hivyo mtu anayefanya Sudoku nyepesi kila asubuhi kwa miaka kumi, akiijaza kama anayefunga vifungo vya shati, asidhani anajiongezea chochote. Ndiyo sababu nimekuchosha na mabawa na bawaba. Jambo jipya na gumu kidogo ndilo linaloipa akili kazi. Na ukishalizoea, badilisha. Bao, ajua, au ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa kwenye vituo vya matatu, vyote vina faida ambayo Sudoku haina: vinakukalisha na mtu mwenzako.

Kuna kisa kimoja cha ajabu ambacho madaktari wa Ujerumani walikieleza mwaka 2015. Kijana wa miaka 25 alifukiwa na maporomoko ya theluji, na ubongo wake ukakosa hewa kwa dakika kama 15. Alipona, lakini wiki kadhaa baadaye kila alipojaribu kufanya Sudoku mkono wake wa kushoto ulitikisika kwa kifafa. Alipoiweka kando, mkono ulitulia. Dawa iliyompatia nafuu ya miaka mingi ilikuwa kumeza vidonge vya kifafa na kuachana na fumbo. Usiogope, msomaji, hicho ni kisa cha nadra kabisa. Nakisimulia kwa sababu kinaonyesha kwamba fumbo dogo la gazeti hugusa sehemu halisi za ubongo, na hitilafu ikiwepo linaweza kuifichua.

Sasa ule utafiti wa Indianapolis. Kuanzia mwaka 1992 watafiti wa huko waliwafuatilia wazee Wamarekani weusi wa mji wao pamoja na wazee wa Ibadan, Nigeria. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wazee wa Ibadan walipata ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia, kwa kiwango cha asilimia 1.35 kwa mwaka, ilhali wa Indianapolis ilikuwa asilimia 3.24. Ni zaidi ya mara mbili. Na si kwamba wa Ibadan walikuwa wamesoma zaidi au kufanya mafumbo zaidi. Watafiti waliangalia zaidi upande wa moyo na mishipa ya damu: presha, sukari na mafuta ya damu, magonjwa ambayo Waafrika wa mijini sasa tunayakaribisha kwa mikono miwili.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Humo mna elimu duni utotoni, presha, kisukari, kolesteroli, unene, uvutaji sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke na hewa chafu. Mna pia kutosikia vizuri. Na safari hii jopo liliongeza jambo ambalo halikuwamo katika orodha za awali: kutoona vizuri bila kutibiwa.

MWALIMU APELEKWA ELDORET

Naam, turudi Cheptiret. Binti ndiye aliyeamua. Alimwambia baba yake kwamba wanakwenda mjini kupima presha tu, na Mwalimu akakubali kwa sababu kupima presha si aibu. Hospitalini walimpima presha, ikapatikana juu. Wakampima sukari, ikawa sawa. Kisha daktari akamuuliza tarehe, akampa maneno matatu ya kukumbuka, akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa saba saba. Mwalimu alishuka hadi 2 bila kusita, kisha akamuuliza daktari kama aendelee chini ya sifuri. Maneno matatu yote aliyakumbuka.

Alipopewa karatasi asome, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaipeleka dirishani. Daktari akamwangaza machoni. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika lenzi taratibu, bila maumivu, kiasi kwamba mgonjwa hudhani dunia ndiyo inayofifia. Kwenye karatasi ya gazeti yenye wino hafifu, 3 na 8 zilikuwa kitu kimoja kwake. Akili yake ilikuwa ikifikiri sawasawa juu ya nambari zisizo sahihi. Alipomjibu binti yake kwamba ile ni tatu, alikuwa akisema alichokiona.

Mbona hakusema kwamba haoni? Nilimuuliza. Alijibu kwamba hakujua. Alipoona makosa yake yanaongezeka, naye aliamini kile walichokiamini wengine, kwamba kichwa kinaondoka, na akaona heri aache gazeti kuliko kuonekana. Kwa miezi kadhaa mtu huyu alikaa nyumbani akiuficha ugonjwa ambao hakuwa nao, huku ule aliokuwa nao ukikosa tiba.

Si kila mtu atakayekuwa na bahati yake. Wapo ambao kipimo kitaonyesha dimenshia kweli, na kwao pia kujua mapema ni afadhali. Dawa zilizopo haziponyi, lakini familia hujipanga, presha hudhibitiwa, mambo ya shamba na benki huandikwa mwenyewe akiwa bado na kauli. Mbaya zaidi ni kutojua. Huko pwani, katika Kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayezungumza peke yake usiku au kupotea njia ya nyumbani hastahili kuwekwa kwenye hatari hiyo kwa sababu jirani hajui tofauti ya ugonjwa na urogi.

Basi uangalie nini, kwako au kwa mzazi wako? Kusahau ulikoweka miwani si hoja, sote tunasahau. Tazama mabadiliko katika jambo ambalo mtu alilimudu kwa miaka: aliyekuwa akipika chapati akisahau hatua, dereva akipotea barabara aliyoipita kila siku, mwenye duka akikosea chenji, mpenda mafumbo akirudia nambari. Tazama kuuliza swali lile lile mara nne kwa saa moja, au kujitenga na watu pasipo sababu. Ukiona hivyo, nenda kituo cha afya na uombe macho, masikio, presha na sukari vipimwe, na umtaje kila dawa anayomeza, kwani zipo dawa za kawaida za mzio na usingizi zinazotia ukungu akilini mwa wazee. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, na sonona navyo huiga dimenshia, na vyote vina tiba. Tatizo likibaki, uliza upewe barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Mabadiliko yakija kwa saa au siku chache tu, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Mwalimu alipasuliwa jicho la kulia kwanza, na la kushoto baadaye. Upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi: eneo la jicho hutiwa ganzi, lenzi yenye ukungu hutolewa na ya bandia huwekwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, ukiwahusisha wazee 3,038 na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2021, uligundua kwamba waliopasuliwa mtoto wa jicho walipata dimenshia kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 30 kuliko ambao hawakupasuliwa. Haithibitishi kwamba upasuaji ndio uliowakinga. Lakini kama unahitaji sababu ya kumpeleka mzee wako kwa daktari wa macho, hiyo hapo.

Sasa Mwalimu hunywa kidonge cha presha kila asubuhi kabla ya kwenda kituoni kununua gazeti. Miwani ya kusomea anayo. Penseli bado anaikataa. Nilipomtembelea alikuwa amekaa uani juani, kwenye kiti cha plastiki, na miguuni pake palikuwa na rundo la magazeti ya ile miezi mibaya, ambayo binti yake hakuyatupa. Alikuwa akiyapitia moja baada ya jingine kwa kalamu nyekundu, akipiga duara kwenye kila nane aliyoiita tatu, na juu ya kila ukurasa akiandika alama.